Mota ya Baiskeli na Mkungu wa Ndizi

Baba yangu huoga saa kumi na moja na nusu jioni, na habari yote ya mota inaanzia hapo.

Kwetu ni juu ya Nkubu, kilomita tisa ukielekea msituni, na mlima uko upande wa magharibi. Kwa hiyo jua letu halingoji kutua kama la watu wengine. Hujificha nyuma ya mlima mapema, kama mtu aliyekumbuka shughuli kwingine. Likishaondoka kwenye ukuta wa jikoni, baridi huteremka bila hodi. Baba alipooza upande wa kulia miaka mitatu iliyopita. Mwaka uliofuata nilichelewa jioni moja, nikamwogesha kwenye baridi hiyo, na kifua kikamlaza hospitali siku kumi na moja. Tangu hapo sheria ni moja: maji yamguse jua likiwa bado ukutani, la sivyo asioge. Na baba ni mtu ambaye asipooga hali chakula.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mke wangu asimwogeshe. Mke wangu humpikia, humfulia, humsomea Biblia na kugombana naye juu ya dawa. Lakini kwetu mkaza mwana haoni mgongo wa baba mkwe ukiwa wazi, sembuse kuusugua. Hilo halina kikao cha kulijadili. Yeye huchemsha maji, huyaweka kwenye beseni nyuma ya jikoni, kisha huenda kwa ng'ombe na kukaa huko mpaka aambiwe arudi. Ng'ombe wetu wanapigwa brashi kuliko ng'ombe wa maonyesho.

Mimi ni mtunza ghala katika shule ya sekondari huko chini Nkubu. Kazi yangu ni kuhesabu magunia yakiingia, halafu kuyahesabu tena yakiwa yametulia, kwa sababu gunia lililo mgongoni mwa mtu na gunia lililo sakafuni si lazima yawe gunia moja. Natoka saa kumi na nusu. Nina saa moja kamili ya kufika nyumbani. Kwa miaka mingi saa hiyo ilinitosha kwa baiskeli yangu ya gia, mtumba, iliyoletwa na meli ikiwa tayari imechoka. Halafu goti la kushoto likagoma. Daktari alilibonyeza, akanitazama juu ya miwani, akasema, "Mzee, hili goti limemaliza milima yake yote. Limebaki na tambarare."

Tambarare kwetu ni meza tu.

Nikaanza kushuka asubuhi kwa baiskeli na kuisukuma jioni. Nilipofika ukuta ulikuwa umeshaingia kivuli, na baba amekaa kwenye stuli yake akiangalia beseni kama mtu aliyenyimwa. Bodaboda nilijaribu mwezi mmoja. Mvua ikinyesha walikuwa wananishusha darajani, chini ya mlima wetu, na kuniombea heri. Nauli yake niliifanyia hesabu mara mbili na sitaki kuirudia hapa.

Kaka yangu mkubwa anakaa Embu mjini, nyumba yenye maji moto yanayotoka ukutani. Alipiga simu. "Mlete mzee huku. Nitaweka mtu wa kumwogesha, mwanaume, wa mshahara."

Simu ilikuwa kwenye spika. Baba akasema, "Wa mshahara ataniosha kama gari."

Kaka akacheka, lakini baadaye alinipigia mimi peke yangu. "Nakuja shule zikifungwa. Nikikuta bado anakosa kuoga, naondoka naye. Usinikasirikie."

Sikumkasirikia. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo. Ila mzee wa miaka themanini na mbili, aliyepanda kila mti wa chai anaouona akiwa kitandani, ukimpeleka ghorofani Embu umempeleka kuangalia ukuta. Zilikuwa zimebaki wiki saba shule zifungwe.

Mota hizi za umeme za baiskeli nilikuwa nimeziona kwa mtu wa mikate, anapita mlima wa sokoni ameketi wima kama askofu, miguu inazunguka pole pole. Nikamuuliza alikonunua. Jumamosi nikaenda Meru mjini.

Duka lenyewe liko orofa ya kwanza, wanauza paneli za sola na betri, na ngazi ni kumi na nne. Mwenyewe ni mama wa miaka thelathini na kitu, mwenye kalamu nywelani na subira ya mtu aliyeuza vitu kwa Wameru maisha yake yote. Aliniwekea seti mbili juu ya kaunta.

Ya kwanza ni gurudumu zima la mbele, katikati lina tumbo la chuma. Mota imo humo tumboni. Unatoa gurudumu lako, unaweka hili, unafunga betri kwenye fremu, umemaliza. Ya pili haina gurudumu. Ni uvimbe mweusi, ukubwa wa kichwa cha mbuzi, unafungwa pale pedeli zinapozungukia, na unavuta mnyororo ule ule unaovutwa na mguu. Betri ni aina moja kwa zote mbili. Ya pedeli bei yake ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya gurudumu.

"Hii ya gurudumu inapanda?" nikauliza.

"Inapanda, mzee. Inapanda mpaka utaogopa."

"Wewe umeipandisha?"

"Kuna mteja wangu anaipandisha kila siku. Hajawahi kurudi kulalamika."

"Anakaa wapi?"

Akasita kidogo. "Mwea."

"Mwea wanapanda mpunga, mama. Hawapandi kitu kingine."

Akacheka, akaitoa kalamu nywelani, na hapo nikajua tumeanza. Alisema betri ikijaa inakwenda kilomita arobaini. Nikamuuliza arobaini za wapi. Akasema za kawaida. Nikamwambia kwetu kilomita za kawaida hazijafika bado. Tuliendelea hivyo karibu saa nzima, naye akinihudumia huku akiuza balbu kwa watu wengine. Alisema hata wale wa miraa wa Kangeta walikuwa wamemwagiza seti. Nikamwambia wale wenye pikapu za mbio wakianza kubeba miraa kwa baiskeli nitanunua zote mbili.

Sikununua siku hiyo. Nilirudi nyumbani nikapima. Nilijipima kwenye mizani ya ghala nikiwa na viatu na bila viatu. Nikapima baiskeli, koti la mvua, chupa ya chai, bisibisi. Nilihesabu kona kutoka shuleni mpaka kwetu, nikapata ishirini na tatu, na siku ya pili tena ishirini na tatu. Lami inaishia kilomita ya tano. Kutoka hapo ni udongo mwekundu na kokoto. Barabara inashuka mpaka darajani, halafu inapanda kilomita mbili bila kupumua. Niliandika yote kwenye daftari. Ukilisoma ungedhani najenga reli.

Nilimwonyesha fundi wa baiskeli wa Nkubu, anayefanyia kazi chini ya mabati ya posho mill, kando ya kinu cha kusaga mahindi. Sisi ni rika moja, tulitahiriwa mwaka mmoja, kwa hiyo haniheshimu. Hakulitazama daftari.

"Chukua ya pedeli," alisema.

"Kwa nini?"

"Mguu wako unafanyia kazi wapi? Kwenye gurudumu la mbele?"

"Ya gurudumu ina nguvu zile zile. Imeandikwa kwenye boksi."

"Boksi lilipanda na nani?" Akapuliza spoki. "Ya pedeli inatumia gia. Mlima ukikaza, unashusha gia, mota inapumua. Ya gurudumu haina gia, inasukuma tu kama ng'ombe mkaidi. Na hapa kwetu hatuendi mbele, tunaenda juu."

Sasa nitasema kitu ambacho si cha kujivunia. Mtu wa sokoni akipewa ushauri huuliza kwanza mshauri anapata nini. Nilijua kufunga ya gurudumu ni kazi ya nusu saa ambayo ningeifanya mwenyewe nyuma ya nyumba. Ya pedeli inataka kung'oa ekseli iliyoshikwa na kutu tangu ng'ambo, na hiyo ni kazi ya fundi, ya siku nzima. Nikaona nimemsoma. Nikamshukuru, nikaenda zangu nikiwa mjanja.

Jumamosi iliyofuata nilipanda ngazi kumi na nne nikasema bei yangu. Mama akasema yake. Nikaaga, nikaanza kushuka. Kushuka ngazi ni ufundi: ukishuka haraka anaamini umeondoka, ukishuka pole pole anajua unangoja kuitwa. Ngazi ya tisa akaniita.

"Mzee, rudi. Ongea kama mtu."

Niliongea kama mtu. Gurudumu lenye tumbo, betri na chaja vikawa vyangu kwa bei ambayo hata mke wangu, asiyenisifu ovyo, aliirudia mara mbili.

Siku tatu nilikuwa mfalme. Natoka saa kumi na nusu, saa kumi na moja na dakika tano niko kwetu, goti limepumzika kama mgeni. Baba alioga na jua mgongoni siku tatu mfululizo. Jioni ya tatu alipiga mluzi chini ya maji, wimbo wa kanisa, mdomo wake ukiwa umepinda upande mmoja, na mluzi wenyewe ukiwa umepinda vile vile. Mke wangu aliusikia kutoka kwa ng'ombe.

Siku ya nne shangazi yangu alikuwa amesimama darajani.

Shangazi ndiye dada pekee aliyebaki wa baba. Anakaa pale chini kwenye mto ambako kuna joto. Sisi wa juu tuna chai, wao wana ndizi. Ukipita kwake hupiti mikono mitupu, na ukijaribu anachukulia kwamba umemtukana pamoja na shamba lake. Mkungu ulikuwa umeshakatwa, umelazwa juu ya majani.

"Mpelekee ndugu yangu," alisema. "Nasikia siku hizi baiskeli yako inakula stima. Basi haina sababu ya kukataa."

Tukaufunga nyuma kwenye keria kwa mpira, kama tulivyofunga maisha yetu yote. Mvua ilikuwa imepita saa nane. Nikapanda, nikabonyeza, nikaanza mlima.

Mita mia mbili za kwanza zilikwenda. Halafu kokoto zikaanza, mlima ukakaza, na gurudumu la mbele likazunguka papo hapo likinirushia tope usoni. Baiskeli haikusogea. Nikaegemea mbele, ikashika, ikaruka kidogo, ikazunguka tena. Mkungu ulikuwa umekalia nyuma kwa uzito wake wote, na mbele, ilipo mota, kulikuwa kwepesi kama kikapu kitupu. Mota ilikuwa na nguvu zote zilizoandikwa kwenye boksi, ila haikuwa imeshika ardhi. Nilishuka, nikajaribu kusukuma. Sasa nilikuwa nasukuma baiskeli, betri, tumbo la chuma na ndizi, kwa goti moja.

Nilikuwa na njia rahisi, naijua. Ningefungua mpira nikauacha mkungu kando ya barabara. Sikufikiria hata kidogo. Nimeshangaa baadaye jinsi ambavyo sikufikiria.

Nilipoingia uani, ukuta ulikuwa na kivuli kizima. Baba alikuwa kwenye stuli, shati limefunguliwa vifungo vyote, mkono wake mzuri umeshika ukingo wa beseni. Maji yalikuwa yamepoa. Alitazama tope usoni mwangu, akatazama mkungu.

"Za dada yangu?"

"Ndiyo, baba."

"Anaendeleaje?"

"Mzima. Anakusalimu."

Akaanza kufunga vifungo, kimoja kimoja, kwa mkono wa kushoto. Sikumsaidia, kwa sababu vifungo ndiyo kazi aliyobakiza na haigawi. Alipofika kile cha juu akasema, "Embu nasikia maji yanatoka ukutani."

Usiku huo hakula. Mimi nilitoa daftari nikasoma mistari yote. Uzito wangu na viatu. Koti la mvua. Bisibisi, nusu kilo. Nilikuwa nimepima bisibisi, na sikuwa nimepima ndizi. Si kwamba nilisahau. Kwetu mkungu si mzigo, ni salamu, na hakuna anayeweka salamu kwenye mizani. Nilikuwa nimemnunulia mota mtu ambaye hayuko, mtu anayerudi kwake mikono mitupu. Labda ndiye huyo wa Mwea.

Nililitazama pia jina la fundi, maana nilikuwa nimeandika pembeni: *anataka kazi*. Nikayakata maneno hayo.

Jumamosi nililifungua gurudumu, nikaenda nalo Meru mjini. Sokoni nilinunua mkungu, nikaupima, nikaomba mizani nyingine nikaupima tena: kilo ishirini na tatu. Nikaupandisha begani ngazi zote kumi na nne, gurudumu mkono wa pili, nikaviweka kwenye kaunta kati ya balbu.

Mama alitazama, akaweka kalamu nywelani pole pole. "Mzee. Sisi hatubadilishi na ndizi."

"Hizi ni za kupima. Una baiskeli yenye ile ya pedeli?"

Alikuwa nayo, ya kuonyesha wateja. Nyuma ya duka kuna njia ya udongo inayoteremka kuelekea mtoni, mwinamo ambao hata mbuzi huupanda kwa kona. Tulikwenda wote wawili, yeye akiwa amefunga duka kwa kufuli. Nikafunga mkungu nyuma. Nilianza chini kabisa, gia ya chini kabisa. Mota ilinguruma kidogo, mnyororo ukakaza, gurudumu la nyuma, lililokaliwa na ndizi zote zile, likauma udongo. Nilipanda pole pole kama mzee anayekwenda kutoa sadaka. Lakini nilipanda, na kadiri mkungu ulivyokandamiza ndivyo tairi lilivyoshika. Nilipomfikia mama, aliyekuwa amesimama juu, sikuwa nahema.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Nilikuwekea zote mbili mezani. Wewe ulikuwa unasikiliza bei." Akaangalia mkungu. "Na hukuniambia kuhusu ndizi."

Nikafungua mpira, nikautia mkungu begani tena.

Tulirudi dukani. Gurudumu alilipokea kwa hasara yangu, hasara ya haki. Betri ilibaki ile ile. Akataja nyongeza ya bei kwa kile kichwa cha mbuzi cha pedeli, akakunja mikono, akaangalia ngazi. Nilibaki nimesimama pale pale. Nikalipa alichosema.

"Mzee, unaumwa?"

"Hapana. Nina haraka."

Akaniongezea kengele bila kuombwa. Nami nikamwachia mkungu. Alikataa mara moja tu, ya adabu.

Fundi alifanya kazi siku nzima, kama nilivyojua. Ekseli ilitoka baada ya nyundo na maneno ambayo posho mill ilisaidia kuyafunika. Hakuniuliza kilichotokea. Alipomaliza akanyoosha mgongo, akasema, "Daftari lako lilisemaje?"

"Lilisema wewe unataka kazi."

"Nilitaka," alisema. "Na bado mota ya pedeli ni nzuri."

Nimeyafikiria hayo maneno kuliko nilivyofikiria kona ishirini na tatu. Miaka yote nimejua kwamba mtu akifaidika na ushauri wake, ushauri huo una kasoro. Sikuwahi kuhesabu kwamba anaweza kufaidika na bado akasema kweli.

Shule zilipofungwa kaka alikuja na gari lake kutoka Embu, siku ya mwisho ya kazi yangu muhula huo, bila kusema saa. Nadhani alitaka kunivizia, nami ningefanya hivyo. Alinikuta nyuma ya jikoni, mikono ina povu, jua limejaa ukutani, mkungu wa shangazi bado uko kwenye keria. Halafu akavua koti, akachukua taulo, akashika mkono wa baba ule usiofanya kazi ili nioshe chini yake. Jioni kaka aliwasha gari kurudi Embu peke yake, na baba akamwita.

"Usiende mikono mitupu," alimwambia. "Mfungulieni huo mkungu."

Tuliuweka nyuma. Gari likaketi kidogo.

Limebaki jambo moja. Zamani baba alikuwa ananisikia nikihema tangu kona ya mwisho, na hapo ndipo alipoanza kufungua shati. Sasa sihemi. Mara ya kwanza kurudi na mota mpya nilimkuta hajagusa hata kifungo kimoja, akanitazama kama mtu aliyeingia bila kubisha hodi. Kwa hiyo nikifika kona ile napiga kengele, kisha nashuka na kusimama. Shati lake lina vifungo sita. Nahesabu mpaka sita, pole pole, kwa mwendo wa mkono wa kushoto. Halafu nahesabu tena.